Fundi Asiyeshika Usukani

Kaka yangu alikuwa akivua viatu kabla ya kuingia kwenye gari la mtu, na soksi pia. Wateja walidhani ni adabu, kwamba anaogopa kuwachafulia zulia. Adabu gani? Alitaka kuusikia mtetemo kwa nyayo. Anakaa kiti cha abiria, anafunga mkanda, anaweka viganja juu ya mapaja, anafumba macho, halafu ananiambia, “Twende, mdogo wangu. Usinionyeshe ufundi wako, nionyeshe gari.” Nami nafanya nilivyoambiwa, maana kwenye kile kiti cha dereva mimi nilikuwa mikono tu. Kichwa kilikuwa pembeni yangu, kimefumba macho.

Gereji yetu haikupokea malori wala teksi. Tulipokea magari ya mbio, yale ya milango miwili yaliyolala chini, ambayo ukitaka kuingia unaketi kwanza halafu ndiyo unakusanya miguu. Wenye magari hayo walikuja na malalamiko ambayo fundi wa kawaida angewacheka. Hawakusema gari limeharibika. Walisema limekosa utamu. “Mbio linazo, fundi, lakini silifurahii.” Hapo ndipo alipoitwa kaka, ambaye pale gereji alijulikana kwa jina la Mizani. Alikuwa na mizani nne bapa, anaweka moja chini ya kila gurudumu, anasoma gari limeegemea wapi, kisha anakaza au kulegeza springi mpaka uzito ukae sawa. Kwenye kiti cha dereva aliweka mfuko wa mchanga wenye uzito wa mwenye gari. Baada ya hapo tulitoka wawili kwenda kulimalizia barabarani. Nyuma ya gereji kulikuwa na kiwanda kilichofungwa, chenye barabara ya lami inayozunguka majengo, kona nne. Tukipita kona anasema simama, anashuka, anageuza spana nusu mzunguko hapa, robo pale, tunarudia.

“Mizani inakupa ukweli,” alikuwa akisema, “lakini haikupi raha.”

Na kuhusu raha alikuwa na maneno mengi, mtu ambaye nyumbani ukimuuliza chakula kikoje anajibu “kipo.” Wateja walipomwambia wanataka mbio zaidi alikunja uso. “Mbio hata tofali likianguka kutoka ghorofani linazo. Gari tamu ni lile linalokujibu. Umegusa usukani kidogo, limeelewa kidogo. Umegusa sana, limeelewa sana. Unaingia kwenye kona, linakuambia kupitia kiti matairi yamebakiza nguvu kiasi gani, kabla hujauliza. Breki unaikanyaga inasimama chini ya mguu, haibonyei. Injini unaisikia imefika wapi, huna haja ya kuangalia mshale wa dashibodi. Ukiwa na hayo, hata ukienda mwendo wa bibi harusi utafurahi. Usipokuwa nayo, nenda kasi utakavyo, utakuwa mzigo tu ndani ya gari lako mwenyewe.”

Aliyekuwa akisema hayo hakuwahi kuendesha gari hata hatua kumi tangu akiwa na miaka kumi na tisa.

Wiki moja kabla ya kufanya mtihani wa leseni alianguka uani akifua shati. Alipoamka alikuta mama amemshika kichwa na mimi, mtoto wa miaka minane, nimesimama na sabuni mkononi nalia. Hospitali walisema ni kifafa, wakampa vidonge vya asubuhi na jioni, wakamwambia asiendeshe gari. Mama alilichukua neno hilo akalifungia ndani ya nyumba. Aliyajua ya watu: leo watakuonea huruma, kesho watakataa kikombe ulichonywea. Kaka akakua na siri yake, akajifunza ufundi, na siku nilipopata leseni yangu mama aliitazama ile picha, akanirudishia, akasema, “Sasa wewe ndiye miguu yake. Usimwache.” Nilikuwa nimeingoja leseni ile kwa hamu yote ya ujana. Sikukaa nayo hata mpaka chakula cha mchana.

Kilichobaki kilikuwa kuwaeleza watu kwa nini fundi haendeshi. Kaka akatunga. “Fundi akishika usukani anajisikiliza mwenyewe,” akasema. “Akikaa pembeni analisikiliza gari.” Uongo ule ulikuwa mzuri mno. Bosi wetu, mzee mfupi asiyejua kusifu, aliupenda mpaka akawa anawaambia wateja kana kwamba aliachiwa na babu yake. Vile vidonge tukasema ni vya vidonda vya tumbo, na wenzake gereji wakamkataza pilipili, naye anapenda pilipili kuliko nafsi yake. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yetu ilikwenda miaka kumi na moja.

Na tuliogopa kwa sababu. Mwaka wetu wa tatu pale, fundi mmoja wa rangi alizimia kwa joto karibu na gari lililoinuliwa juu. Bosi mwenyewe alimkimbiza hospitali, akamsubiri mpaka jioni, akamrudisha kwake. Kesho yake akamwambia asije tena kazini. “Hapa kuna magari hewani,” alisema mbele yetu sote. “Mtu wa kuanguka sina pa kumweka.” Kaka alikuwa amesimama hapo na spana mkononi. Tangu siku hiyo nyumbani tulijua vizuri kwamba siri ikitoka, kazi imekwisha, na kaka hakuwa na kingine alichokijua wala alichokitaka duniani.

Sitajifanya malaika. Zilikuwepo siku nilizomchukia. Shule moja ya udereva ilinitaka niwe mwalimu, nikakataa, maana nani angemwendesha Mizani? Mwalimu wa hesabu aliyetaka kunioa alichoka kusikia kwamba Jumamosi nina kazi na kaka, Jumapili nina kazi na kaka, akaniuliza, “Kwani umeolewa naye?” Nilimjibu vibaya, akaenda zake, na nilipokuwa nikilia kaka alisimama mlangoni akasema, “Ni kwa sababu yangu.” Nikamwambia hapana. Alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa nimezoea kudanganya.

Jambo jingine sikumwambia mtu. Nilikuwa nayapenda yale magari kupita kiasi. Nimeendesha magari ambayo watu huyabandika ukutani, lakini katika miaka kumi na moja sikuendesha hata moja nikiwa peke yangu. Pembeni yangu kulikuwa na yule mtu aliyefumba macho, anayeisikia kila pumzi yangu kupitia kiti, na nikikanyaga mafuta kwa furaha badala ya kwa kazi alijua, akasema, “Polepole, hilo ni lako, si la gari.”

Ndipo akaja daktari wa meno.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya chini ya watu waliozoea kuzungumza na wanaoogopa. Alikuwa amejinunulia gari la kijivu la viti viwili, injini nyuma, baada ya kuishi na gari la busara maisha yake yote. “Fundi,” alimwambia kaka, “nimechimba meno ya watu miaka ishirini na sita. Nataka saa moja kwa siku ambayo hakuna mtu anayefumbua mdomo mbele yangu. Nifanyie gari hili linifurahishe.”

Kaka alifanya kazi siku nne. Siku ya kulikabidhi Daktari aliendesha mwenyewe, kaka pembeni yake, na waliporudi yule mama alikaa ndani ya gari dakika nzima bila kushuka, anatabasamu peke yake. Tulifurahi. Bosi alisema, “Si mbaya,” na kwa Bosi hiyo ilikuwa sherehe.

Baada ya siku mbili alirudi. Kona za kushoto, alisema, gari linazikataa. Za kulia linaingia vizuri, za kushoto pua inasukumwa nje. Tukatoka mimi na kaka: gari safi, kulia na kushoto. Kaka akamwambia aangalie upepo wa matairi. Akaenda. Akarudi tena wiki iliyofuata, safari hii Bosi akiwepo.

“Mtaniona kichaa,” alisema. “Jana nilimpa lifti muuguzi wangu. Gari likatulia kabisa, kona zote. Nimemshusha tu kwake, likaanza tena. Gari hili halipendi niwe peke yangu.”

Wenzetu walicheka. Mimi nilimtazama kaka, nikaona rangi imemtoka.

Bosi hakucheka wala hakuona. Alikuwa amechoshwa na gari lile. “Daktari, kesho asubuhi njoo,” akasema. “Mizani atalizungusha yeye mwenyewe, peke yake, wewe ukiangalia. Hapo tutajua tatizo ni gari au ni dereva.”

“Bosi,” kaka akaanza, “fundi akishika usukani—”

“Najua, najua. Kesho hatulisikilizi gari. Tunamsikiliza Daktari.”

Nyumbani kaka hakula. Aliketi mezani akanieleza, taratibu, kama anayetubu. Kwenye mizani alikuwa hakosei. Lakini alipokuwa akilimalizia gari barabarani, akigeuza springi robo kwa robo mpaka mwili wake useme sasa, mwili wake ulikuwemo ndani ya gari. Kilo sabini na mbili, kwenye kiti cha abiria. Kila gari alilolitengeneza kwa miaka kumi na moja lilikuwa sawasawa kwa watu wawili. Wateja wengine walizunguka na wake zao, na rafiki zao, au hawakuwa na hisia ya kutambua. Huyu alikuwa na hisia, na hakuwa na mtu.

“Nimekuwa nikijitia mimi ndani ya kila gari,” alisema.

“Basi kesho waambie hivyo. Rudisha springi kwa mizani, kosa limekwisha.”

“Na usukani? Bosi ameshasema niendeshe. Nikikataa ataniuliza kwa nini.”

“Mwambie ukweli.”

“Yule fundi wa rangi ukweli ulimsaidia nini? Na yule alizimia kwa joto tu.” Akasogeza sahani. “Nitaendesha. Miaka sita sijaanguka.”

“Kwa sababu ya dawa.”

“Basi dawa zitaendesha.”

Nilimwambia ni mpumbavu. Nilimwambia kiwanda kile kina kuta za zege kila kona na gari lile halisamehe. Nilimwambia maneno mengine ambayo mdogo hapaswi kumwambia kaka yake, naye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, “Wewe umeyaendesha yote. Mimi nimeambiwa tu.” Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa muda wote huo. Nilimgeukia anisaidie. “Wewe unajua la kufanya,” akaniambia, akarudi chumbani kwake. Nilitamani kuvunja kitu.

Asubuhi kaka aliamka na macho mekundu, na usingizi mdogo ndio adui yake mkubwa kuliko wote. Alikunywa dawa zake.

Daktari alikuwa ameshafika. Bosi aliwaondoa watu njiani, akafungua geti la kiwanda. Kaka akavua viatu, akaingia upande wa dereva. Akasogeza kiti mbele bila kutafuta kishikio kilipo, akaweka mikono kwenye usukani, na uso wake ukabadilika. Nimeishi na uso ule maisha yangu yote na sikuwahi kuuona hivyo. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Akawasha injini, ikanguruma nyuma yake, akaitabasamia ile sauti kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Halafu nikaona kidole gumba chake cha kulia. Kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi. Anayeishi na kaka anaijua ile dalili. Kabla ya kuanguka huanza hivyo. Lakini pia huanza hivyo akiwa na hofu, na wakati mwingine akiwa na furaha. Sikuwa na muda wa kujua ni ipi. Mpaka leo sijui.

Nikafungua mlango, nikaingiza mkono, nikazima gari.

“Hawezi kuendesha,” nikasema. “Ana kifafa.”

Tulisikia feni ya injini ikizunguka yenyewe. Kaka hakunifokea. Alibaki ameshika usukani wa gari lililozimwa, kidole kimetulia.

“Ungesubiri,” aliniambia. “Kidogo tu.”

Wa kwanza kusogea alikuwa Daktari. Aliinama dirishani akamuuliza kwa ile sauti yake ya chini kama anatumia dawa, tangu lini, mara ya mwisho ilikuwa lini. Kaka akajibu yote, mbele ya watu wote, kwa sababu hakukuwa tena na cha kuficha. Kisha akashuka, akaeleza kosa lake la kilo sabini na mbili bila kuruka neno, akaomba mizani zake. Bosi aliingia ofisini akafunga mlango.

Tulijua kitakachofuata, na hakikufuata. Daktari alikwenda kugonga mlango wa ofisi. Alikaa humo nusu saa. Sijui alisema nini chote, ila alipotoka alisema kwa sauti ya kusikika kwamba fundi huyu akiondoka, na gari lake linaondoka, na la rafiki yake, na la rafiki wa rafiki yake. Bosi akatoka nyuma yake anasugua shingo.

“Utabaki,” akamwambia kaka. “Mizani utatumia, spana utatumia. Chini ya gari lililoinuliwa huendi. Na gari linalotembea hukai ndani, kiti chochote. Sitaki kusikia.”

“Hata cha abiria?”

“Hata cha abiria. Nikuache humo uanguke dada yako akiwa kwenye kona?”

Watu hawakumnyanyapaa, nasema haki. Walimpenda mpaka ikawa balaa. Kesho yake alikuta wamemtandikia godoro la sponji chini ya meza yake ya kazi, na pembe za meza wamezifunga matambara. Akienda chooni mtu anamfuata, anasimama nje anapiga mluzi. Hakuna aliyempa tena kitu cha moto. Kaka aliwashukuru wote. Alikaa kwenye stuli yake katikati ya wema ule, hana pa kugeukia, na aliyemfungia humo nilikuwa mimi.

Alilirudisha gari la kijivu kwa mizani, mfuko wa mchanga wa uzito wa Daktari kwenye kiti cha dereva, kiti cha abiria kitupu. Alipomaliza, Bosi akanipa ufunguo. “Mizunguko miwili. Uje uniambie kona za kushoto.”

Nikatoka peke yangu. Mzunguko wa kwanza niliendesha kama nilivyofundishwa, nikisubiri niambiwe simama. Hakuna aliyesema. Kona ya kushoto ikaja, nikageuza usukani, na gari likaingia bila kubishana, likanieleza kupitia kiti kila kilichokuwa kinatokea chini yangu, nami nikaelewa kila neno. Yote aliyokuwa akiyasema kaka yalikuwa kweli. Yalikuwa kweli kuliko alivyojua. Mzunguko wa pili nilicheka kwa sauti. Nilikuwa na miaka thelathini na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa akinisikiliza, na nilifurahi, na sikumkumbuka kaka hata kidogo. Hilo ndilo ninaloliungama hapa.

Niliporudi nilimwambia Bosi kona zote ziko sawa. Kisha nikaenda kwenye meza ya kaka. Alikuwa anafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

“Likoje?” akauliza.

“La kawaida tu,” nikasema. “Limekaa sawa.”

Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kufuta.

“Ile kona ya kwenye tangi la maji, mara ya kwanza uliachia mafuta,” akasema. “Baada ya hapo hukuachia tena.”

“Niliachia.”

“Ukuta ni mmoja tu hapa katikati, mdogo wangu. Nasikia.” Akaweka spana chini. “Na Bosi alikwambia mizunguko miwili. Umezunguka minne.”

Sikuwa nimehesabu. Nilisimama pale na ufunguo mkononi, uso unaniwaka. Nilitaka kumwomba msamaha na sikujua nianze na msamaha wa lipi. Yeye hakuwa amekasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alisogea kwenye stuli akaniachia nafasi, akafumba macho.

“Likoje?” akaniuliza tena.

Nikaketi kando yake, nikaanza na usukani.